"Baba, ona!": mtoto anayekuonyesha kiatu kwenye simu

Swali: "Shikamoo mama. Mimi ni mgumu, yaani mpagazi, napandisha mizigo ya wageni Mlima Kilimanjaro, na nyumbani ni Pasua, Moshi. Nina binti wa miaka mitatu na miezi minne. Nikiwa mlimani, mtandao ukishika, napiga simu nyumbani. Anaongea vizuri, ila ananiambia 'baba, ona kiatu changu', na nikimuuliza kama amekula anatikisa kichwa tu, kimya. Nikirudi tunacheza kombolela, yeye anasimama katikati ya chumba, anajifunika uso kwa viganja, anasema simwoni. Wiki iliyopita alimwaga uji, gauni zima uji, akasema siyo yeye. Dada yangu tunayeishi naye anasema mtoto ni mzito wa akili, tena ameanza uongo, achapwe mapema. Je, binti yangu ana tatizo, au ni kwa sababu sikai naye?"

Marahaba, baba. Nikujibu kwanza, maelezo yafuate: kwa haya uliyoyaandika sioni tatizo la akili, wala sioni mtoto aliyeharibika kwa sababu baba yake yuko mlimani. Mambo yote matatu yaliyokutia hofu, simu, kombolela na uji, yana mzizi mmoja. Binti yako bado hajajua vizuri kwamba kichwani mwako mna mambo tofauti na yaliyomo kichwani mwake. Umri wa kulijua hilo unamkaribia, na wewe unaweza kumsaidia hata ukiwa kambi ya Shira huko mlimani na mvua inanyesha.

Barua yako nimeirudia mara kadhaa kwa ajili ya maneno yale mawili, "baba, ona". Mtoto anayenitia wasiwasi hapa kliniki Arusha ni yule asiyemwonyesha mtu kitu. Anaokota kiatu, anakigeuza, anakiweka chini, na hainui macho kutafuta wa kufurahi naye. Wa kwako amepata kiatu, amefurahi, na furaha yake haijakamilika mpaka nawe ukione. Alipokosea ni padogo sana. Ameisikia sauti yako, akaamini na macho yako yapo hapo hapo. Watu wote aliowazoea tangu azaliwe, ilipo sauti ndipo yalipo macho, isipokuwa kwenye hiki kitochi chako. Kutikisa kichwa nako ni hivyo hivyo: amekujibu, tena kwa adabu, ila amekujibu kama mtu aliyeketi mbele yako.

Kombolela ni tamu zaidi, na naomba unisikilize hapa. Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, walitaka kujua kwa nini watoto wadogo hujificha kwa kufumba macho. Waliwafunika macho watoto wa miaka mitatu na minne, wakawauliza: nakuona? Wengi wakasema hapana. Kichwa chako je, nakiona? Ndiyo, unakiona. Kwa hiyo mtoto hakudhani kwamba mwili wake umetoweka. Alijua kichwa kipo wazi mbele za watu, lakini "yeye" haonekani. Na hata macho yakiwa wazi, kama yule mtafiti alimtazama mtoto huku mtoto ameelekeza macho pembeni, wengi walisema bado hawajaonekana. Kwao, mtu anaonekana pale macho yanapokutana.

Waingereza walihitaji kurasa nyingi kulieleza jambo ambalo Kiswahili kinalibeba kwa neno moja: kuonana. Binti yako anaposema "hunioni" akiwa amesimama wima katikati ya chumba, msikie anasema "hatuonani". Na hapo ni mkweli kabisa. Anaamini kwamba nafsi yake iko machoni, na kwamba ili umwone yeye mwenyewe, mbali na nywele zake na gauni lake, ni lazima naye akuone. Mtoto anayewaza hivyo hawezi kuitwa mzito. Ana wazo kuhusu nafsi, na wazo hilo litarekebishwa na siku.

Sasa nirudi nyuma kidogo, kwa sababu dada yako amempima mtoto, na nataka mjue vipimo vya mambo haya vilivyo.

Kujitambua kunaanza mapema kuliko watu wanavyofikiri. Mtoto aliyezaliwa jana, ukimgusa shavu kwa kidole, hugeuza mdomo kutafuta ziwa. Akijigusa shavu kwa mkono wake mwenyewe, hageuki sana. Utafiti wa Philippe Rochat na Susan Hespos wa mwaka 1997 ulionyesha tofauti hiyo kwa watoto ambao hawajatimiza hata saa 24 duniani. Ngozi yake tayari inatofautisha kuguswa na kujigusa. Hapo hajui "mimi ni nani", ila mpaka kati ya mimi na wengine umeshachorwa.

Halafu kuna kipimo cha kioo, ambacho ndicho kilichovuma. Gordon Gallup alikifanya kwa sokwe mwaka 1970, na mwaka 1972 Beulah Amsterdam, pia wa Marekani, akachapisha cha kwake kwa watoto. Unampaka mtoto doa jekundu puani bila yeye kujua, unamweka mbele ya kioo. Mdogo hudhani ameona mwenzake, humchekea, wengine huchungulia nyuma ya kioo. Kati ya miezi 18 na 24, watoto wengi wa Marekani hugusa pua yao wenyewe. Vitabu vikaandika kwamba huo ndio umri wa kujitambua, na ikawa kama sheria.

Baadaye kipimo cha namna hiyo kikaletwa kwa jirani zetu. Watoto 82 wa Kenya, wenye umri wa miezi 18 hadi 72, waliwekwa mbele ya kioo wakiwa na alama usoni, na karibu wote hawakujigusa. Miezi 72 ni miaka sita, baba! Mtoto wa miaka sita anatumwa dukani na kurudi na chenji kamili. Nani atasema hajui kwamba yeye ni yeye? Waliofanya utafiti huo, uliochapishwa mwaka 2011, waliandika wazi kwamba matokeo yanatia shaka kipimo chenyewe. Mimi nina maelezo yangu, na ninayasema kama mama aliyelelewa kwenye kihamba, shamba la nyumbani la Wachagga. Mtoto wetu akikutana na mtu mzima mgeni aliyemwekea kitu usoni, hutulia. Anasubiri kuona mkubwa anataka nini. Ametulia kwa sababu anamfikiria yule mkubwa.

Kuna ushahidi unaoelekea huko. Mwaka 2004 Heidi Keller wa Ujerumani na wenzake walichapisha ulinganisho wa watoto wa miezi 18 hadi 20 wa Wanso wa Cameroon, wa Ugiriki na wa Costa Rica. Wa Ugiriki waliwatangulia Wanso kwenye kioo. Wanso waliwatangulia wa Ugiriki katika kusikia agizo la mkubwa na kulitekeleza. Kila jamii inakuza haraka kile inachokimwagilia kila siku. Kwa hiyo anapokuja jirani na kusema mtoto wake wa umri huo huo "anajua", uliza kwanza anajua nini, na wa kwako anajua nini ambacho hakuna aliyemuuliza.

Nije kwenye kuwajua wengine.

Nao huanza mapema, kwa hatua. Betty Repacholi na Alison Gopnik, mwaka 1997, waliwawekea watoto bakuli mbili, moja ya biskuti na moja ya brokoli mbichi. Mtu mzima akaonja mbele ya mtoto, akaukunjia uso ule upande wa biskuti na kufurahia brokoli, kisha akanyoosha mkono: nipe. Wa miezi 14 walimpa biskuti, kwani wao ndiyo waliipenda. Wa miezi 18 walimpa brokoli. Ndani ya miezi minne tu mtoto amejua kwamba mwenzake anaweza kupenda asichokipenda yeye. Binti yako alishapita hapo zamani. Kama unakumbuka siku alipoacha kukulazimisha ule pipi aliyoitoa mdomoni mwake, ulikuwa unaangalia jambo hili hili.

Kupenda ni rahisi. Kujua kwamba mwenzako anaweza kuamini jambo ambalo si kweli ndiyo kazi ngumu, na ndipo binti yako alipo sasa. Jaribio la kwanza mashuhuri ni la Heinz Wimmer na Josef Perner, Austria, mwaka 1983, la mtoto aliyeweka chokoleti kabatini na mama akaihamisha. Mimi hupenda zaidi lile la Jeremy Avis na Paul Harris la mwaka 1991, kwa sababu lilifanyika msituni Cameroon, kwa Wabaka, kwenye kibanda cha mwenyeji, na chakula cha kwao. Mtu mzima anapika kokwa za embe pori. Anaziweka kwenye bakuli, anatoka nje kidogo. Mwenzake anamshawishi mtoto: tuzifiche. Mtoto anazihamishia mahali pengine. Kisha anaulizwa: akirudi, atazitafuta wapi? Wengi wa wale waliokuwa na miaka mitano hivi walisema atakwenda kwenye bakuli. Wadogo zaidi waliyumba. Mdogo hujibu pale zilipo kweli, maana yeye anajua zilipo, na anachokijua yeye anadhani kila mtu anakijua.

Henry Wellman na wenzake walikusanya matokeo ya tafiti 178 mwaka 2001, na mwelekeo ni ule ule katika nchi mbalimbali. Umri unasogea mbele au nyuma kidogo, lakini mgeuko hutokea kati ya miaka mitatu na mitano. Binti yako ana mitatu na miezi minne.

Hapa tena lugha yetu inanifurahisha. Kiswahili kina jozi ya maneno inayolibeba somo hili zima: nilidhani, na kumbe. "Nilidhani ni sukari, kumbe chumvi." Ukisema "nilidhani", msikilizaji anajua tayari kwamba mambo hayakuwa hivyo. Ukisema "kumbe", umemfungulia mlango akaona kichwa chako kabla na baada. Si kila lugha ina neno la kazi hiyo peke yake. Sisi tunalo, tunalitumia siku nzima, na tunawanyima watoto kwa kuwasemesha maagizo matupu: kaa, kula, acha, njoo.

Ndiyo maana nasema unaweza kumsaidia ukiwa huko huko juu. Ted Ruffman na wenzake, Uingereza, mwaka 2002, waliwafuatilia mama na watoto wao kwa mwaka mmoja. Waliwapa picha wazungumzie. Mama waliotaja zaidi mambo ya ndani, anafikiri, anataka, amesahau, amedhani, watoto wao baadaye walielewa zaidi mawazo ya wengine. Walichosema hao mama ni mazungumzo ya kawaida kabisa, hakuna somo maalumu.

Basi ukipiga simu, na akasema "baba, ona", usimwambie "nimekiona" ili mambo yaishe. Najua unasema hivyo kwa upendo. Mwambie: "Mama, mimi niko mlimani, macho yangu hayafiki huko. Sikioni. Niambie, kina rangi gani?" Kisha umpe zamu yake: "Hapa mimi naona mawingu yako chini yangu. Wewe unayaona? Wewe unaona nini?" Akitikisa kichwa, mwambie: "Sikusikii, labda umetikisa kichwa? Nisemee kwa mdomo." Na umsimulie ya safarini kwa jozi ile: "Jana usiku nilisikia kitu nje ya hema, nilidhani mtu, kumbe kunguru." Dakika tatu zinatosha. Wewe una nafasi ambayo baba aliyekaa sebuleni hana: unaona kitu asichokiona, kila siku, na anataka kujua.

Jioni ukiwa nyumbani, hadithi. Za sungura na fisi zote zinazunguka hapo, mmoja anajua, mwingine hajui. Na ninyi mna ile ya Kibo na Mawenzi, wanayoisimulia wazee kwa namna zaidi ya moja. Mawenzi anakwenda kwa Kibo kuomba moto, anapewa na ndizi zilizopondwa, zinamnogea, anarudi tena akisema moto umezimika, na tena, mpaka Kibo anachoka, anamtwanga kwa mchi, na ndiyo sababu Mawenzi ana meno meno kileleni. Mwonyeshe vilele vyenyewe, asubuhi kukiwa na mwanga, kutoka hapo Pasua. Muulize: Mawenzi aliporudi mara ya pili, Kibo alidhani nini? Akikujibu kitu kisichoeleweka, endelea na hadithi.

Na wala usidharau vurugu za nyumbani kwenu. Kama dada yako ana watoto, ni neema. Perner na wenzake walionyesha mwaka 1994 kwamba watoto wenye ndugu wengi nyumbani huwahi kuelewa imani za wengine, na utafiti wa Krete na Kupro wa mwaka 1996 ukaongeza kwamba watu wazima wa ukoo na watoto wakubwa wanaomzunguka nao wana mchango. Kugombania kiti, kutaniana, kufichana vitu, "ulisema changu kumbe cha kwake", yote hayo ni shule. Kwa hiyo lile swali lako la kutokaa naye, jibu langu ni kwamba ana watu. Anachohitaji kwako ni ukirudi uwe umerudi kweli, na ukiondoka ajue. Usitoroke alfajiri akiwa amelala. Hesabuni pamoja punje za maharage kwenye kikombe, moja kwa kila usiku utakaolala mlimani, na shangazi amsaidie kutoa moja kila jioni. Ikiisha, baba anashuka Mweka.

Sasa uji, na hapa nitakuwa mkali kidogo, unisamehe, na dada yako anisamehe.

Mtoto huyu amesema "siyo mimi" akiwa na uji kifuani. Hajui kwamba wewe ukiona gauni unajua. Angekuwa bingwa wa uongo angekwenda kubadili gauni. Uongo wa umri huu ni tendo la kujaribu: je, nikisema hivi, yeye ataamini hivi? Mwaka 1989 Michael Lewis na wenzake, Marekani, waliwaweka watoto wa karibu miaka mitatu kwenye chumba chenye kichezeo nyuma yao, wakaambiwa wasigeuke. Wengi sana waligeuka. Katika waliogeuka, zaidi ya theluthi moja walikana. Hao ni watoto wa kawaida, wa nyumba za kawaida.

Kuhusu fimbo, kuna utafiti wa Victoria Talwar na Kang Lee wa mwaka 2011, uliofanyika Afrika Magharibi kwa watoto wa miaka mitatu na minne wa shule mbili. Moja ilichapa kwa kila kosa, nyingine haikuchapa. Watoto waliochapwa walidanganya zaidi, na waliujua zaidi ufundi wa kuulinda uongo wao wakiulizwa maswali. Kwa hiyo ukichapa kwa ajili ya uji utamfundisha abadili gauni. Nimekaa na vijana wa miaka 15 ambao hawawezi kumwambia mzazi ukweli wowote, na nikiwauliza ilianza lini, wengi hunitajia kitu kidogo namna hii, kikombe, sukari, uji.

Usimuulize "nani kamwaga?" wakati umeshaona. Unamtega. Mwambie: "Naona uji umemwagika kwenye gauni lako. Ulidhani nitakasirika? Haya, lete tambara tufute." Akikubali kwamba ni yeye, mshukuru kwa kusema, kisha afute. Basi.

Kuna dalili ambazo ungeniandikia nisingekujibu hivi, nawe uzijue kwa ajili yake na kwa ajili ya watoto wa wenzako kambini. Mtoto aliyefika mwaka na nusu hanyooshi kidole kuonyesha kitu. Haitiki jina lake ingawa anasikia sauti nyingine. Ana miaka miwili na haungi maneno mawili. Hachezi michezo ya kuigiza, kulisha mwanasesere, kupika udongo. Au alikuwa na maneno, akayapoteza. Hapo msisubiri, wala msikubali kuambiwa "atakua tu". Nendeni kliniki ya watoto, KCMC kwa mlioko Moshi au Mount Meru kwa walioko Arusha, na jambo la kwanza liwe masikio yapimwe. Mtoto asiyesikia mazungumzo huchelewa kuelewa mawazo ya watu kwa sababu hajayasikia yakisemwa, na akili yake iko salama kabisa.

Kama unataka kumwona binti yako akivuka, fanya hivi safari ijayo ukishuka. Najua nyumbani kuna kopo la Blue Band lililowekwa sindano na nyuzi. Mwonyeshe likiwa limefungwa, umuulize ndani mna nini. Atasema Blue Band. Fungua, aone nyuzi, funga tena. Muulize: shangazi hajalifungua hili kopo, akiliona atasema mna nini? Leo huenda akasema nyuzi. Kisha muulize la pili: wewe mwenyewe, kabla hatujafungua, ulisema mna nini? Sikiliza vizuri. Wengi wa umri wake husema "nyuzi" hapo pia, bila aibu yoyote, kwa sababu hata wazo lake la dakika moja iliyopita limeshamponyoka. Gopnik na Janet Astington waliliandika hilo mwaka 1988: mtoto huanza kuyajua mawazo ya wengine na kuyakumbuka ya kwake aliyokosea karibu wakati ule ule. Kwa hiyo usimsahihishe, wala usimcheke. Sema tu, "Mimi nilidhani Blue Band, kumbe nyuzi," urudishe kopo kabatini.

Rudia baada ya miezi minne, tena baada ya minne mingine, kwa kopo tofauti. Siku moja atalishika mwenyewe, atalificha mgongoni, atamwita shangazi yake kwa sauti ya kunong'ona, "Shangazi, humu mna nini?" Siku hiyo niandikie.